Kwanza Inua Shati

Julai hapa Dodoma ina ubabe wake. Upepo unaanza jioni, unasugua mabati usiku kucha, na asubuhi unakuta vumbi limejilaza juu ya meza, juu ya vyombo, mpaka ndani ya viatu ulivyovisukumia chini ya kitanda. Kila nyumba mtaani kwetu Nkuhungu ina mtu anayekohoa. Kwa hiyo binti yangu alipoanza kukohoa, akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili, hakuna aliyeshtuka. Mama yake alimvalisha sweta la pili, mimi nikachukua chaki zangu nikaenda shule.

Siku ya pili mwili ukachemka. Jioni nikitoka kazini nikapitia duka la dawa.

"Nipe dawa ya malaria ya mtoto," nikamwambia muuzaji.

Maneno hayo nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Sikusema mtoto ana homa. Nilifika dukani na jina la ugonjwa tayari mdomoni, kama mtu aliyetumwa betri. Kijana wa watu akauliza mtoto ana kilo ngapi, akanipa dawa mseto, na niliposema pia anakohoa akaongeza chupa ya Septrini na Panadol ya maji. Hakuna kidole kilichotobolewa, hakuna aliyeuliza mtoto anapumuaje. Yule kijana simlaumu sana. Yeye aliuza bila kuuliza, mimi nilinunua bila kutazama, na mtoto alikuwa wangu, si wake.

Siku ya tatu, kama saa nne usiku, mke wangu akaniita chumbani. "Njoo umtazame huyu. Hapumui kama siku zote."

Nikamwambia ni pua imeziba. Tukabishana kidogo, ubishi wa watu waliochoka, kisha yeye akajifunga khanga akatoka kugonga kwa jirani. Jirani yetu ni muuguzi mstaafu. Alitumikia zahanati za vijijini miaka mingi, huko Mpwapwa na Chamwino, na mtaa mzima unamwita Mama Nesi. Akaja na kandambili zake, mikono mitupu, hata kipimajoto hana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Zima hiyo televisheni. Na wewe mama, usimnyonyeshe kwanza, mwache atulie." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Inua shati lake. Simu yako ina saa ya kuhesabu sekunde?"

Nikaiweka kwenye dakika moja. Akaniambia nisihesabu kwa sauti, nitazame tumbo tu: likipanda na kushuka, ni moja. Sijawahi kujua dakika ni ndefu kiasi kile. Nilifika hamsini nikadhani saa imekwama. Ilipolia nilikuwa kwenye 58. Akanirudishia kazi kama ninavyowafanyia wanafunzi wangu: "Hesabu tena." Ikaja 57.

"Umri wake, ikifika 40 tayari ni pumzi za haraka," akasema. Kisha akaweka kidole chini kabisa ya mbavu za mtoto. "Na hapa tazama." Nikatazama. Kila mtoto alipovuta hewa, sehemu ile ya chini ya kifua, badala ya kutanuka, ilikuwa inaingia ndani. Siku tatu tumemvalisha masweta mawili juu ya jambo hilo.

Akauliza maswali manne, harakaharaka, huku tayari anasimama. Ananyonya au amegoma? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Ukimwita, anaamka vizuri au amelegea tu? Alikuwa ananyonya kwa kuachia-achia, mengine hapana. "Lingekuwepo hata moja kati ya hayo, ningewagombeza kwa nini hamkuondoka jana," akasema. "Lakini kwa kifua hiki, mfunikeni twende."

Bajaji ikatupeleka hospitali. Wakambana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu, kikasoma 88, wakasema chini ya 90 anahitaji oksijeni. Wakatoboa kidole kingine, kipimo cha malaria kikatoa mstari mmoja tu: hakuna malaria. Ilikuwa nimonia, ile ambayo wazee wetu wanaiita kichomi. Tulilala siku nne, sindano asubuhi na jioni, na tuliporuhusiwa tukapewa amoksilini ya vidonge vya kuyeyusha amalizie nyumbani.

Katika korido, tukisubiri kitanda, Mama Nesi alinipa hesabu nzima, nami nikaiandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Wa miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, 40 au zaidi. Unahesabu dakika nzima, mtoto ametulia, halii, hanyonyi. Ndivyo wahudumu wa afya wanavyofundishwa kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na haihitaji kifaa chochote ambacho mzazi wa Tanzania hana mfukoni. Kisha akaongeza kwamba kwa kichanga wa chini ya miezi miwili usikae unahesabu: homa peke yake, au mwili kuwa wa baridi, au kugoma kunyonya, inatosha kuondoka nyumbani saa hiyohiyo.

Ninachokiona tangu siku ile, na kinaniudhi kwa sababu nami nimo, ni kwamba sisi tuna haraka ya kutaja na uvivu wa kutazama. Mtu akiumwa hapa mjini ana majina matatu ya kuchagua: malaria, UTI, taifodi. Anaweza kupewa mawili kwa pamoja. Ukikutana na mtu stendi ukimuuliza hali atakujibu, "Nina malaria na UTI," kama anavyotaja kabila na kijiji.

Hilo la UTI lilituletea kichekesho nyumbani. Bibi yangu wa Kongwa alipigiwa simu kuwa shangazi amekutwa na UTI. Akaangua kilio. Yeye alisikia *uti*, na uti anaoujua ni uti wa mgongo, na homa ya uti wa mgongo aliwahi kuiona ikichukua watu ujana wake. Ikabidi tumweleze kuwa hiyo ni herufi tatu za Kizungu, ni mambo ya njia ya mkojo, shangazi yuko jikoni anapika mlenda. Bibi akafuta machozi, akasema kama ni mkojo tu kwa nini mnautia jina la kuua.

Lakini tazama vile viwili vinavyochanganywa vilivyo mbali. Ule wa njia ya mkojo unajitangaza mahali pake: mkojo unachoma, haja inakushika kila dakika kumi, unakwenda chooni yanatoka matone, chini ya kitovu panauma, mkojo unanuka au una damu. Ukiongezea homa kali, kutetemeka na maumivu ubavuni karibu na mgongo, basi maambukizi yamepanda kwenye figo na hapo si suala la kunywa maji mengi tena. Mjamzito asisubiri hata dalili nusu. Ule mwingine, wa uti wa mgongo, ni kichwa kinachopasuka, homa, mwanga unaumiza macho, kutapika, shingo ngumu hata kidevu hakifiki kifuani, na akili kuanza kupotea. Huo unahesabiwa kwa saa. Kwa mtoto mchanga shingo inaweza isikaze. Utaona utosi umevimba, analia kilio kisicho cha kawaida, au hataki kubebwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuitwa mgonjwa wa UTI mara tatu katika mwaka mmoja. Kila nikichoka, nikiumwa mgongo kwa kusimama darasani, nilikwenda sehemu moja ya karibu, nikakojoa kwenye kikopo, nikapewa karatasi na vidonge. Haijawahi kunichoma kukojoa hata siku moja. Mara ya nne daktari kijana kwingine akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwalimu, mkojo unakusumbua?" Nikasema hapana. "Sasa tunatibu nini?" Akanipima presha. Ilikuwa 160 juu.

Na malaria? Ipo, tusidanganyane. Ila katika utafiti wa kitaifa wa 2017, watoto wa Mkoa wa Dodoma waliokutwa na vimelea walikuwa chini ya asilimia 1, wakati Kigoma walikuwa karibu 24. Huku kwetu ni kukavu, mvua ya msimu mmoja, mbu hana starehe anazozipata bondeni Kilombero. Maana yake, mtoto wa Dodoma ambaye hajasafiri akipata homa, uwezekano kuwa ni kitu kingine ni mkubwa sana. Hata kwenye joto ni hivyo: watafiti waliwapima kwa kina watoto zaidi ya 1,000 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi. Wenye malaria walikuwa kama mmoja katika kila kumi.

Basi kipimo kwanza. Tone la damu, dakika kama 15 hadi 20, mistari miwili au mmoja. Na ukipima mwambie mhudumu kama umetoka safari Tabora au Morogoro, na kama umetumia mseto wiki chache zilizopita, maana vipimo vingi vya haraka vinaweza kuendelea kuonyesha malaria baada ya wadudu kuisha. Watu wengi wananywa dozi ya pili ya ugonjwa uliokwisha kupona.

Taifodi nayo ina kipimo chake maarufu, Widal, kilichobuniwa Ufaransa mwaka 1896. Miaka mia na zaidi! Kinatafuta askari wa mwili, si mdudu mwenyewe, na askari wanaweza kubaki damuni muda mrefu baada ya vita, au wakawa waliitwa kwa vita vingine kabisa. Ndiyo maana watu wanapimwa Januari wana taifodi, Aprili wana taifodi, Agosti "bado haijaisha". Taifodi ya kweli haiji na mafua na kupiga chafya. Ni homa inayopanda taratibu siku hadi siku, kichwa, tumbo, kukosa hamu ya kula, na mtu anazidi kudhoofu. Jibu la uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa ambayo si kila kituo kinaiweza.

Nimemtaja bibi, na siwezi kumwacha bila kusimulia kibano chake.

Alikuwa na kibano kidogo cha chuma, kimefungwa kwenye pindo la khanga pamoja na hela. Jioni, akiisha kumaliza kazi, alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akamwita mmoja wetu wajukuu wenye macho makali, akalaza kichwa mapajani petu. Kazi yetu ilikuwa kung'oa kope zilizogeukia ndani. Unashika moja, unavuta, chozi linatoka, anasema "bado ile ya kona". Tulidhani ni mambo ya uzee, kama mvi. Nilikuwa chuoni ndipo nikajua jina lake ni trakoma, vikope, na kwamba Kongwa yetu inajulikana duniani kote kwa watafiti wa macho kwa sababu hiyo.

Mdudu wake ni bakteria. Anaanzia utotoni: mtoto ana macho yenye tongotongo, inzi wanatua, maji ya kunawa hakuna kwa sababu ndoo imetoka mbali na ni ya kupikia. Anapona, anaambukizwa tena, anapona, tena. Kila mara kovu dogo linabaki ndani ya kope. Miaka thelathini baadaye kovu limevuta kope likaikunja, na nywele zinakwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Hesabu mtu anapepesa mara ngapi kwa siku. Wanawake ndio wanaopofuka zaidi, kwa kuwa ndio wanaoishi na watoto wadogo. Vijiji vyetu viligawiwa azithromaisini nyumba hadi nyumba, watu wakahimizwa kuosha nyuso za watoto na kuchimba vyoo, na wale ambao kope zimeshageuka wakafanyiwa upasuaji mdogo. Bibi alifanyiwa jicho la kulia. La kushoto alikuwa amechelewa.

Kwa hiyo jicho ni kitu ambacho sina utani nacho. Mwanzoni mwa 2024 yale macho mekundu yalipovuma nchini, watu walitia majani ya chai, maziwa ya mama, mpaka mkojo. Mengi ya aina ile ni virusi, yanapona yenyewe kwa wiki moja au mbili, ukinawa mikono na kutoazimana taulo. Ila jicho jekundu linalouma hasa, si kuwasha, au linaloona ukungu, au lisilovumilia mwanga, au limepata doa jeupe, au ni la mtoto mchanga wa siku chache linalotoa usaha, hilo halisubiri wiki.

Baba yangu mdogo naye ni hadithi. Alikohoa. Alikuwa ametoka kuchimba kwenye machimbo madogo, mwili umekonda, usiku shuka inalowa jasho. Familia ikakaa, ikaamua ni kimeo. Mtu asiyeijua mikoa hii ataniuliza kimeo ni nini: ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, ambacho kinasingiziwa kila kikohozi kisichoisha. Akapelekwa kwa fundi, akakikata. Akatema damu siku mbili, akaendelea kukohoa vilevile, tofauti ni kwamba sasa hakuwa na cha kusingizia. Ilipofika mwezi wa tatu ndipo akapeleka makohozi maabara. Kifua kikuu.

Matibabu yalikuwa bure, na kipimo bure. Miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne zilizochanganywa kwenye kidonge kimoja, minne iliyobaki dawa mbili. Siku ya kwanza alinipigia simu ana hofu kuwa anakojoa damu. Haikuwa damu, moja ya dawa zile hugeuza mkojo ukawa rangi ya Fanta, na nesi alisahau kumwambia. Alipona. Lakini ndani ya ile miezi mitatu ya kimeo alikuwa analala chumba kimoja na wadogo zangu wawili. Kikohozi kikitimiza wiki mbili, peleka makohozi. Ikiwa kuna damu, au kukonda, au jasho la usiku, au mtu anaishi na virusi vya Ukimwi, hata wiki mbili usizingoje.

Kimeo kina ndugu zake. Kuna meno ya plastiki, ambapo kichanga anayeharisha anachokonolewa fizi kwa kitu chenye ncha. Kuna degedege, inayofukizwa moshi kwa sababu watu wanaamini sindano itamuua mtoto. Na kweli wengine wamekufa baada ya sindano, kwa kuwa walifikishwa mwishomwisho. Kuna tambazi. Mguu umevimba, umewaka moto, wekundu unatambaa, na mtu anachanjwa kwa wembe ule uliochanja wengine. Mara nyingi ni bakteria waliopitia kidonda kidogo tu, mwiba au nyufa za unyayo. Mama Nesi ana mbinu yake hapa, naipenda kwa urahisi wake: chukua kalamu, zungushia mpaka wa wekundu, andika saa. Ukivuka mstari, au ukapata homa, au maumivu ni makali kuliko kidonda chenyewe kinavyoonekana, au ni mtu wa kisukari, ondoka. Kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu unajificha, basi papasa kwa mgongo wa mkono: zungushia penye moto na penye uvimbe.

Kuna homa moja ambayo daktari wa mjini anaweza asiikumbuke usipomsaidia. Ukiwa na ng'ombe na mbuzi, au ukinywa maziwa yasiyochemshwa kwa mjomba kila likizo, na una homa inayokuja na kuondoka wiki kwa wiki, jasho, viungo na kiuno vinauma, na majibu ya malaria yanakataa kila mara, mtajie maziwa hayo. Yaweza kuwa brusela, ile inayowafanya ng'ombe kutupa mimba. Mwaka 2007, mvua zilipozidi, mkoa wetu ulipigwa vibaya na Homa ya Bonde la Ufa. Mifugo ilitupa mimba kwanza, watu wakafuata. Wafugaji waliiona ishara kabla ya hospitali. Mgogo yeyote mzee atakuambia zizi ndilo linaloanza kuumwa.

Kuharisha nitapita haraka, maana kila mzazi anadhani anajua. Si kuharisha kunakoua, ni maji kuisha. Chumvichumvi ya pakiti kwenye lita moja ya maji safi, kijiko kwa kijiko, na vidonge vya zinki siku kumi hata kama kumekoma siku ya tatu. Pakiti hakuna? Vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vilivyosawazishwa, kwa lita moja. Usimwachishe ziwa. Vuta ngozi ya tumbo: ikirudi polepole, macho yameingia ndani, machozi hakuna, au kuna damu kwenye choo, hiyo ni ya hospitali. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele na kinamwagika tu, mkubwa au mdogo, kimbia.

Droo yangu ya jikoni zamani ilikuwa na nusu karatasi ya amoksilini, Flajili nne, na vidonge vya rangi mbili ambavyo hakuna aliyekumbuka vilitoka wapi. Kila mtu nyumbani akipata mafua alipewa viwili. Mafua ni virusi. Hivyo vidonge havivigusi kabisa, na kamasi kugeuka kijani hakubadilishi jambo hilo. Kinachotokea ni kwamba bakteria wengine waliomo mwilini wanapata mazoezi ya kuishi na dawa, na siku ya nimonia unakuta amoksilini imekuwa kama peremende. Na Septrini ile ya binti yangu? Daktari aliniambia ilitupotezea siku moja ya kuamini kuwa tumeshamtibu. Hiyo ndiyo gharama iliyonikaa.

Sisemi kila homa ibebwe hospitali. Nani ana nafasi hiyo? Ni nauli ya bodaboda, ni nusu siku ya foleni, ni ruhusa kwa mkuu wa shule, na kwenye benchi lile mtoto mwenye mafua anaweza kuokota surua. Mtu mzima mwenye mafua, koo linawasha, homa ya siku mbili, anakula kidogo na anaongea vizuri, mwache alale, anywe maji na uji. Siku ya tatu homa ikiwa bado ipo, akapime. Tena jihadhari na yule aliyepata nafuu kisha homa ikarudi kwa nguvu. Huyo ana kitu kipya. Na mkubwa akianza kuongea yasiyoeleweka, anahema akiwa amekaa, mikono imepoa wakati kichwa kinachemka, au hajakojoa tangu asubuhi, hapo usitafute jina la ugonjwa. Damu yake inashindwa vita, na kila saa ina bei.

Nilimuuliza Mama Nesi, zamani kidogo, alijuaje usiku ule kabla ya kuhesabu. Akacheka. Akasema alijua alipoingia tu, maana mtoto hakugeuza kichwa kumtazama mgeni. "Mtoto wa mwaka mmoja asiyejali nani kaingia, Mwalimu, huyo ana kazi nyingine anaifanya."

Binti yangu sasa ana miaka minne na mdomo kama wa wakili. Wiki iliyopita upepo ulianza tena, naye akaamka na mafua, anakohoa, paji la uso la moto. Mama yake akamlaza kwenye kochi, mimi nikainua shati, nikawasha saa ya simu. Anakijua kitendo hicho. Alitulia kimya, akitazama tumbo lake mwenyewe likipanda na kushuka, midomo inacheza kama anayehesabu pamoja nami. Saa ikalia.

"Nimepata ngapi, baba?"

"Ishirini na nane."

Akafikiri kidogo. "Kati ya ngapi?"